Risasi ya Pili Haiji

Wiki iliyopita tulimwacha Delphia Ratliff nyuma ya banda la kuku, mbweha mwenye kichaa anamjia huku povu linamtoka mdomoni, na ile bastola yake mpya imetoa risasi moja, ikakosa, kisha ikanyamaza.

Mmeniuliza wiki nzima: amekufa? Hajafa. Akifa Delphia, mimi nitakula nini?

Alivuta triga mara ya pili, kimya. Akaitazama bastola. Ganda tupu la risasi ya kwanza lilikuwa limebanwa pale juu, limesimama wima, na risasi ya pili imekwama chini yake, haipandi wala haishuki. Mbweha yule keshafika. Delphia akaachana na bastola, akanyakua ndoo ya chakula cha kuku, akamtandika nayo usoni. Mnyama akayumba. Akamtandika tena. Mbweha akageuka, akatokomea vichakani, na Delphia akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa kwenye sakafu ya jikoni akalia.

Hakulia kwa sababu ya mbweha. Alilia kwa sababu ya Royce.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kutusoma, karibu, vuta kiti. Royce Combs alikuwa mume wake. Alimvunja taya, akafungwa, na siku ya hukumu alimgeukia mahakamani akamwambia kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, kwamba atarudi nyumbani. Jumatatu ya wiki hii wamemfungua. Mahakama imemkataza kumsogelea Delphia, lakini amri ya mahakama ni karatasi, na karatasi haizuii mtu mlangoni. Sherifu yuko ng'ambo ya mlima, barabara ni kona tupu. Nimeishi na watu wa vilima hivi miaka mingi, na nakwambia, huku kila mtu hujilinda mwenyewe kwanza, msaada baadaye.

Ndiyo maana Delphia alinunua bastola, wiki kadhaa kabla Royce hajatoka. Ndogo, nyembamba, inajificha kiunoni chini ya sweta hata mchungaji asijue. Na tangu siku ya kwanza ugonjwa wake ni mmoja. Ya kwanza inatoka. Ya pili haiji.

Wanaume wa pale wote walikuwa waganga. Kwenye kituo cha mafuta mmoja alimwambia aongeze oili. Kanisani mwingine akamwambia bastola mpya ni kama kiatu kipya, lazima kwanza ikuumize, apige mamia ya risasi ndipo itakaa sawa. Na wote, bila hata mmoja kubaki, walimwambia kosa ni mkono wake. Bastola ndogo inataka mkono mgumu, walisema, ukilegeza kiganja inakwama. Mwanamke, mkono mlegevu, basi.

Jambo hilo lipo, sikatai. Lakini huwezi kumpa kila mgonjwa dawa ya malaria. Delphia aliikaba bastola ile mpaka kiganja kikavimba, na bado ilikwama.

Aliyemfariji alikuwa kaka yake, Wendell. Anakaa ng'ambo ya kijito, na jioni alikuwa anavuka daraja la mbao, anaifungua bastola, anaisafisha, anaipaka oili, anamwambia, vumilia mdogo wangu, itazoea tu. Ninyi mlioniandikia mkimsifu Wendell, mkasema laiti na sisi tungekuwa na kaka kama huyo, nimezisoma barua zenu. Leo someni mkiwa mmekaa.

Kuna jambo moja la watu hawa lazima nilieleze, maana bila hilo hadithi haitembei. Huku wengi hawanunui risasi dukani. Wakishapiga wanaokota maganda, wanarudi nayo nyumbani, wanayajaza baruti upya na kuyatia vichwa vipya kwenye meza iliyo gereji. Na wana mwiko: usipige risasi iliyojazwa na mtu mwingine. Ni kama mswaki wa mtu. Hujui aliweka nini, hujui siku hiyo alikuwa amelewa. Isipokuwa mtu huyo awe damu yako. Hapo mwiko unageuka, kukataa ndiyo inakuwa tusi. Baba yao alijazia nyumba nzima, na alipokufa meza ikahamia kwa Wendell. Kwa hiyo Delphia aliponunua bastola na Wendell akaja na boksi la risasi alizojaza mwenyewe, angekataaje? Alimbusu shavuni.

Baada ya mbweha, Delphia aliiweka aibu kando, akaendesha gari hadi kwa Bi Imogene Sizemore.

Bi Imogene ni mjane, ana uwanja wa shabaha kwenye shamba lake, tuta kubwa la udongo kwa nyuma, na amefundisha nusu ya wilaya kupiga. Delphia hakuwahi kwenda kwa sababu ameshaambiwa mara nyingi mno kwamba mkono wake haufai, na hakutaka kulisikia tena kutoka kwa mwanamke mwenzake.

Bi Imogene hakumhubiria. Alimwambia apige. Delphia akapiga. Moja ikatoka, ganda likabanwa. Mama yule alikuwa anaangalia kiganja, haangalii bastola.

Akamweleza kwamba bastola ikipaliwa, kabla ya kuishtaki yenyewe kuna washukiwa watatu: mkono unaoishika, magazini inayobeba risasi, na risasi zenyewe. Na unabadilisha kimoja kimoja. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, ikipona hujui aliyekuwa mwizi ni nani.

Akaanza na mkono. Akaichukua bastola mwenyewe, akajipanga, akapiga. Moja. Ikakwama.

"Basi mkono wako hauna kesi," akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, akaendelea na kazi.

Delphia alitaka kumkumbatia. Wiki zote zile ameikaba ile bastola mpaka anashindwa kushika usukani, kumbe hana kosa.

Wakabadilisha magazini. Bastola ilikuja na mbili, na ile ya pili ilikuwa haijaguswa. Wakahamishia risasi zile zile humo. Moja, ikakwama. Magazini nayo ikaachiwa huru.

Bi Imogene akatoa boksi la risasi za dukani, akamjazia magazini ile ile, akarudi nyuma. Delphia akapiga. Ikatoka. Akapiga, ikatoka. Akaendelea mpaka chuma cha juu, kile kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, kikabaki wazi, magazini imekwisha. Akajaza tena, ikatoa zote. Akacheka. Tangu Jumatatu hajacheka.

Bi Imogene hakucheka. Alimuuliza zile za kwanza alinunua duka gani.

"Sikununua, ni za Wendell."

Mama yule akavua vizibo vya masikio, akavivaa tena.  Akasema mtu hukosea, mashine ya kupimia baruti hulegea, mtu anazungumza huku anajaza, inatokea. Delphia akalidaka neno hilo kwa mikono miwili. Ndiyo, Wendell macho hayamsaidii siku hizi. Ndiyo, kwenye ile gereji taa ni mbovu. Alimtetea kaka yake mpaka maneno yakamwishia, na Bi Imogene anamwangalia tu, hampingi.

Kisha akaingia ndani, akarudi na boksi jingine. Lilikuwa la Wendell vilevile. Wendell hupiga shabaha hapo kila Jumamosi na bastola ya aina ile ile, ndiye aliyemshauri dada yake anunue inayofanana na yake, na Jumamosi iliyopita alisahau risasi zake juu ya benchi.

"Hizi anazopiga yeye," Bi Imogene akasema. "Jaribu."

Delphia akajaza, akapiga. Ya kwanza ilimrusha mkono juu kwa nguvu, ikalia paa, ikapasua masikio. Ya pili, ya tatu, zote. Hapo ndipo alipong'amua kwamba zile zake siku zote zilikuwa zinalia tuf, kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi, na yeye alidhani ndivyo bastola ndogo zinavyolia.

Bi Imogene akachukua moja ya Wendell na moja ya Delphia, akavichomoa vichwa kwa koleo, akamimina baruti kwenye visosi viwili. Hukuhitaji mizani kuona kwamba ya Delphia ilikuwa kidogo. Akafungua mbili nyingine, vilevile. Akafungua mbili tena. Zile za dada zilikuwa na baruti ya kuisukuma risasi mpaka itoke mtutuni, lakini haitoshi kukirudisha nyuma chuma cha juu mpaka kilitupe ganda na kuokota risasi nyingine. Moja inatoka, halafu basi. Na kila waliyoifungua, kipimo kimoja.

"Mtu anayekosea huwa anakosea huku na kule," Bi Imogene akamwambia. "Huyu hakukosea hata mara moja."

Msomaji, umewahi kusalitiwa na mtu wa damu yako? Haianzi kwa hasira. Inaanza kwa kutafuta kosa lako mwenyewe. Delphia alisimama juani anajiuliza amemkosea Wendell nini, akarudi nyuma mpaka utotoni, asione. Alimpa ufunguo wa nyumba. Alimpa bastola aisafishe kwa mikono yake. Mchawi mpe mwanao akulelee, wanasema, lakini lazima kwanza ujue kuwa ni mchawi. Delphia alijua ni kaka.

Bi Imogene alimsihi asirudi nyumbani, alale hapo kwake. Delphia akakataa. Wendell alikuwa anakuja mchana kutengeneza uzio wa kuku, na yeye alitaka kulisikia kutoka kwenye mdomo wake. Basi nampigia sherifu, akasema mama yule. Piga, akajibu Delphia. Akaondoka na risasi za dukani ndani ya magazini zote mbili.

Wendell alifika kama alivyoahidi. Alitengeneza uzio, akanawa, akaketi mezani. Delphia alikuwa amepika maharage na mkate wa mahindi, chakula cha mama yao. Wendell akafumba macho, akaomba. Akamshukuru Mungu kwa chakula, akamwombea dada yake ulinzi dhidi ya adui zake wote. Ndiyo, mnanisikia vizuri. Alimwombea ulinzi. Delphia akamwacha amalize mpaka amina.

Kisha akaiweka bastola yake kati ya mabakuli.

"Kaka, tubadilishane. Zinafanana. Wewe baki na hii, na risasi ulizonijazia. Mimi nipe hiyo ya kiunoni mwako."

Wendell akatabasamu. Akasema bastola ni kama ndoa, mtu anazoea yake.

"Kwa siku mbili tu. Royce yuko nje, na wewe unapita kwenye barabara ile ile anayopita yeye. Ichukue."

"Si itazoea tu, Delphia, nimekwambia..."

"Ichukue, kaka."

Mkono wa Wendell ulishuka kiunoni ukaifunika bastola yake, ukabaki hapo. Hakuwa na nia ya kuitoa kwa ubaya, la. Aliikumbatia tu, kama mtu anayelinda pochi sokoni. Jibu likawa hilo. Delphia akajua hatapata mwingine wa kumwita kaka.

"Nilimtembelea gerezani," Wendell akasema, anaangalia maharage. "Kila mwezi. Hukuniuliza, sikukwambia."

Yakatoka yote. Wale waliotusoma tangu mwanzo wanakumbuka kwamba Wendell aliwahi kufukiwa mgodini, paa lilipoanguka. Ambacho hamkujua, na mimi niliwaficha makusudi, ni nani aliyerudi kumtoa wakati wengine wote wanakimbilia nje. Ni Royce. Alimvuta kwa mikono, mawe bado yanadondoka. Wendell akasema tangu siku hiyo ana ndugu wawili, si mmoja, na hawezi kukaa kwenye meza ya baba yake akijaza risasi ya kumuua aliyemtoa kaburini.

Delphia akamuuliza, na mimi je?

"Nilikuachia moja."

"Moja ya nini, kaka?"

"Ya kumtisha. Ukipiga moja atarudi nyuma, mtaongea. Zaidi ya hapo ni mauaji. Sikutaka afe yeyote, Delphia. Naapa kwa kaburi la mama."

"Mwaka ule aliponivunja taya, ningemtisha na nini?"

 Wendell akasema Royce amebadilika, ameokoka huko gerezani, anachotaka ni kuomba msamaha tu. Akasema Royce alikuwa anaogopa kuja kwa sababu alisikia Delphia ana bastola, kwa hiyo ikabidi yeye Wendell amtoe hofu.

Hapo Delphia akasimama.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba inatoa moja."

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Kumnyima dada yako risasi, halafu ukaenda kumjulisha adui yake kwamba hana. Delphia hakupiga kelele. Alimwambia kaka yake, polepole, neno kwa neno ili aelewe, kwamba ametoka kwa Bi Imogene, kwamba risasi zake zimebaki kwenye visosi, na kwamba bastola iliyo mezani imejaa risasi za dukani na inatoa zote.

Wendell akageuka rangi. Na kabla hajafungua mdomo, wote wawili wakasikia gari linapanda kokoto za njia ya kuja nyumbani.

Hakuwa sherifu. Ilikuwa pikapu ya kijivu ya akina Combs.

Royce aliliacha gari nje ya geti, akateremka. Amenyoa, amevaa shati jeupe limechomekwa, kiunoni hana kitu. Mikononi alibeba pai ya tufaha iliyofunikwa kwa kitambaa. Akafungua geti kwa goti, akaanza kuja anatabasamu, hana haraka, kama mtu anayekuja kwake. Alikuja hivyo kwa sababu ameshaambiwa hakuna cha kuogopa.

Delphia alitoka barazani na bastola ameishusha ubavuni. Alijua ana kitu kimoja tu ambacho Royce hana, nacho ni kwamba Royce hajui bastola imepona. Akifika kwenye ngazi atamwamuru asimame. Akikaidi, akimrukia baada ya ile ya kwanza akidhani ndiyo ya mwisho, basi ataipata ya pili, na ya tatu. Maisha yake yote yalikuwa yamekaa hapo.

Wendell alikuwa kando yake. Delphia akamwambia bila kumtazama, "Nyamaza, kaka. Sitaki kingine kutoka kwako tangu leo mpaka nife. Nyamaza tu."

Wendell akamtazama dada yake. Akamtazama Royce na pai yake. Akashuka ngazi, akainua mikono yote miwili juu.

"Royce, simama hapo hapo," akapaza sauti. "Imetengenezwa. Sasa inatoa zote."

Royce akasimama. Tabasamu likamtoka polepole. Akamwangalia Wendell, akamwangalia Delphia, akaitazama ile bastola. Kisha akarudi getini, akaitua pai juu ya nguzo, taratibu, isimwagike, akaenda kwenye gari.

Wendell akashusha pumzi. Akamgeukia dada yake, machozi yanamlenga, uso umejaa furaha kabisa.

"Umeona? Anaondoka. Nimewaokoa wote wawili."

Lakini gari halikuwaka. Mlango uliofunguliwa ulikuwa wa upande wa pili, na wanaume wa vilima hivi wote wanajua kinachoning'inia nyuma ya kiti. Royce alipoinuka tena, alikuwa nyuma ya injini na bunduki ya kuwindia paa, ile ambayo mahakama imemkataza hata kuigusa, ameilaza juu ya boneti na jicho limeshaingia kwenye darubini.

Risasi zilizomo alijaziwa Jumatano, zawadi ya kukaribishwa nyumbani. Alijaziwa na Wendell, kwenye meza ile ile ya baba. Na hizo hakuzipunguza baruti.